Picha nyeusi na nyeupe zarejea, zamfunza msafiri kutazama upya

MWENDA tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia wa pwani yatosha kufupisha safari ndefu ya upigaji picha. Sanaa hiyo ilizaliwa bila rangi, ikazitamani rangi kwa miongo mingi, ikazipata, kisha ikahamia katika kamera za dijitali na hatimaye katika simu za mkononi. Sasa, wakati ambapo yeyote mwenye simu aweza kunasa kila rangi aionayo, wapo wapigapicha wanaorejea ngamani, kwenye picha nyeusi na nyeupe.

Marejeo hayo yanadhihirika zaidi katika picha za safari. Msafiri afikapo Lamu, kwa mfano, hulakiwa na bahari ya samawati, mashua zilizopakwa rangi, kanga zilizoanikwa na matunda ya kila namna. Huo ndio utajiri anaotarajiwa kurudi nao nyumbani. Iweje basi auache wote na kuridhika na weusi, weupe na vivuli vya kijivu?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, rangi zikiondolewa, mpigapicha hulazimika kutazama mambo ambayo rangi zilikuwa zikimfichia. Pili, picha ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa filamu na kutunzwa vyema hudumu kuliko ya rangi. Hata hivyo, ipo hatari inayoandamana na manufaa hayo. Picha nyeusi na nyeupe ni hodari wa kuufanya mji ulio hai uonekane kana kwamba ni kumbukumbu ya kale. Kwa wenyeji wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambao wamekuwa wakipigwa picha na wageni tangu karne ya 19, hatari hiyo si ya kupuuzwa.

Rangi zilivyoshika hatamu

Mwaka 1839, Mfaransa Louis Daguerre alitangaza njia yake ya kunasa taswira juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Watu walistaajabu, lakini haukupita muda mrefu kabla ya mafundi kuanza kuzipaka picha hizo rangi kwa mkono. Kiu ya rangi ilikuwepo tangu mwanzo.

Ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, pia wa Ufaransa, walianza kuuza mabamba ya picha za rangi mwaka 1907. Kampuni ya Kodak ya Marekani nayo ikatoa filamu ya Kodachrome mwaka 1935. Hata hivyo, filamu za rangi zilikuwa ghali na usafishaji wake ulihitaji maabara maalum. Kwa sababu hiyo, picha nyeusi na nyeupe ziliendelea kutawala magazetini na studioni kwa miongo kadhaa zaidi.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Mjini Zanzibar, studio za Wagoa kama vile ya A. C. Gomes ziliuza picha na kadi za posta mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi zikinunuliwa na abiria wa meli waliotaka kuwaonyesha jamaa zao walikopita. Mpigapicha William D. Young alinasa ujenzi wa reli kutoka Mombasa, ulioanza mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Zanzibar mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh, ambaye studio yake ilikuwa mashuhuri kuanzia miaka ya 1940 hadi karibu 1980. Lamu nayo ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi hiyo mwenyewe na kusifika kwa picha alizoziunganisha kutoka vipande mbalimbali.

Kufikia mwishoni mwa karne ya 20, mambo yalikuwa yamebadilika. Karibu na kivuko cha Likoni, wapigapicha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na minazi. Mteja aliyetoka bara kuja Mombasa kutafuta kazi alisimama mbele ya pazia hilo, akapigwa picha ya rangi na kuwatumia watu wa nyumbani ushahidi wa safari ambayo pengine hakuwahi kuifanya. Rangi ilikuwa imekwisha kuwa alama ya maendeleo. Aliyepigwa picha isiyo na rangi alihesabiwa kuwa amebaki nyuma, au alikuwa akitafuta picha ya kitambulisho.

Kisha teknolojia ya dijitali ikaja kuipindua filamu yenyewe. Mwaka 2004, kampuni ya Ilford ya Uingereza, iliyojulikana hasa kwa filamu nyeusi na nyeupe, iliwekwa chini ya mrasimu. Kodak ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitatengeneza tena Kodachrome, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, huko Kansas nchini Marekani, ikaacha kupokea filamu hizo mwishoni mwa 2010. Mnamo Januari 2012, Kodak yenyewe ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

La ajabu ni kwamba filamu ya rangi iliyopendwa kupita zote ndiyo iliyokufa, ilhali zile zilizodhaniwa kuwa za kizamani zikasalia. Mameneja wa Ilford waliinunua biashara hiyo mwaka 2005 na kuiendeleza chini ya kampuni ya Harman Technology. Filamu yao ya HP5 Plus, iliyotoka mwaka 1989, ingali sokoni. Ndivyo ilivyo pia kwa Tri-X ya Kodak, ambayo imeuzwa kwa kamera ndogo tangu mwaka 1954.

Siri ni wepesi wa kemia yake. Kodachrome ilihitaji mitambo mikubwa na mafundi waliobobea, na maabara zilipofungwa haikuwa na pa kwenda. Filamu nyeusi na nyeupe yaweza kusafishwa na mtu mmoja jikoni kwake. Watengenezaji wa kamera za dijitali nao wakatambua kuwa wanunuzi wapo. Mwaka 2012, kampuni ya Leica ya Ujerumani ilizindua kamera ya dijitali isiyoweza kupiga picha ya rangi hata mwenyewe akitaka. Pentax ya Japani ikafuata mkondo huo mwaka 2023.

Kinachofichwa na rangi

Jicho la mwanadamu huvutwa na rangi kali. Katika picha ya soko, aliyevaa shati jekundu ndiye atakayeonekana kwanza, hata kama jambo muhimu linatendeka upande wa pili. Rangi zikiondoka, mtazamaji husalia na mwanga, kivuli, umbo na hali ya vitu kwa nje, yaani vile vilivyo laini na vile vinavyokwaruza.

Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2001, ni darasa zuri la mambo hayo. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, dari zikashikiliwa na boriti za mikoko, na milango ya mbao ikatiwa nakshi. Nakshi za mlango hazionekani kwa sababu ya rangi, kwani mbao zote ni za rangi moja. Huonekana kwa sababu ya vivuli vinavyolala ndani ya michoro. Mwanga ukiupiga mlango moja kwa moja kutoka mbele, nakshi hufifia. Jua likiupitia mlango huo ubavuni, kila mchoro hupata kivuli chake na maua yaliyochongwa huchomoza. Msafiri anayepiga picha za rangi aweza asilione hilo katika ziara nzima. Anayepiga nyeusi na nyeupe hulijua siku ya kwanza, kwa maana picha zake za mchana zitatoka zimelala.

Fauka ya hayo, hujifunza kuishuku kamera yake. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, hata ya simu, hukisia kwamba kinachotazamwa kina mwanga wa wastani, kisha hurekebisha picha ili itoke kijivu cha wastani. Ukuta uliopakwa chokaa ukijaza picha, kamera huufanya wa kijivu. Buibui jeusi likijaza picha, nalo hugeuka kijivu. Na mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huushughulikia ukuta na kuuacha uso wake gizani. Hii ndiyo sababu picha nyingi za watalii waliozuru pwani zina kuta zinazopendeza na wenyeji wasio na nyuso.

Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer walilitafutia dawa tatizo hilo yapata mwaka 1940. Waligawa mwanga katika ngazi kumi na moja, kutoka nyeusi tititi hadi nyeupe pepepe, ili mpigapicha aamue mwenyewe ni kitu gani kikae ngazi gani badala ya kuiachia kamera. Kwa msafiri wa leo, funzo lao laweza kutekelezwa kwa njia rahisi: mwanga upimwe usoni mwa mtu, si ukutani. Katika simu nyingi, yatosha kugusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga. Ukuta ukizidi kung'aa, hasara ni ndogo. Uso ukipotea, hakuna picha.

Lipo funzo jingine, nalo ni la rangi zinazofanana zinapogeuzwa kijivu. Nyekundu na kijani hutofautiana kabisa machoni, lakini katika picha nyeusi na nyeupe zaweza kukaribiana mno. Shuka jekundu la Mmaasai linalowaka katikati ya nyasi za kijani laweza kumezwa na nyasi hizo. Hata bendera ya Kenya, katika picha za zamani, yaweza kumsumbua asiyeijua, kwa kuwa sehemu nyekundu na ile ya kijani hutoka kama ndugu wawili wa kijivu.

Mafundi wa zamani walilikabili jambo hilo kwa vioo vya rangi vilivyowekwa mbele ya lenzi. Kioo hupitisha mwanga wa rangi yake na kuzuia wa rangi nyingine. Kioo chekundu huzuia samawati, hivyo anga hukolea giza na mawingu meupe yakachomoza. Kioo cha njano hufanya vivyo hivyo kwa upole zaidi. Katika kompyuta na simu, kazi hiyo hufanywa na programu zinazomwezesha mtu kupunguza au kuongeza mwangaza wa kila rangi kabla ya kuiondoa. Ndiyo maana wajuzi hushauri picha ya dijitali ihifadhiwe kwanza ikiwa na rangi zake.

Haya hayamaanishi kwamba rangi ni adui. Zipo picha ambazo rangi ndiyo habari yenyewe. Embe bivu na bichi haziwezi kutofautishwa kwa urahisi katika kijivu, wala kanga haiwezi kutoa uhondo wake wote. Mpigapicha mwenye busara hujiuliza kama rangi inasema jambo au inapiga kelele tu.

Fedha hudumu, rangi hupauka

Tofauti kubwa zaidi kati ya aina hizi mbili haionekani siku picha inapopigwa. Huonekana miaka arubaini baadaye.

Picha nyeusi na nyeupe ya filamu huundwa na chembe ndogo za madini ya fedha. Mwanga unapoipiga filamu, chembe hizo huathirika, na dawa ya kusafishia huzigeuza kuwa fedha halisi yenye weusi. Dawa ya pili, ya kukazia, huondoa zile ambazo hazikuguswa na mwanga. Kinachosalia ni madini, na yakisafishwa vyema kwa maji safi yaweza kukaa zaidi ya karne moja.

Picha ya rangi hupitia hatua hiyo pia, lakini mwishoni fedha yote huondolewa na kuachwa dawa za rangi pekee, ambazo hubadilika kwa joto, mwanga na muda. Familia nyingi za Kenya zina ushahidi wake kabatini. Picha za harusi na za ubatizo za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu-nyekundu au njano, nyuso zikafifia, ilhali picha ya babu aliyoipiga miaka ishirini kabla yake, nyeusi na nyeupe, ingali imara.

Si kwamba fedha haina adui. Ikiwa dawa ya kukazia haikuoshwa ikaisha, picha huota madoa ya kahawia. Pwani, unyevu huleta kuvu, nayo hewa ya chumvi haina huruma. Lakini hata negativu zilizosahauliwa zaweza kufufuka. Priya Ramrakha, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935 na kuyafanyia kazi majarida ya Time na Life, aliuawa Oktoba 1968 akiripoti vita vya Biafra nchini Nigeria. Sehemu kubwa ya kazi yake ilipatikana miongo kadhaa baadaye ikiwa katika gereji moja jijini Nairobi, na mwaka 2018 ikatolewa kitabu.

Faili za dijitali hazipauki, ila hupotea zote kwa mpigo. Simu ikiibwa au kuangukia baharini kwenye gati la Shela, safari nzima yaweza kufutika. Nenosiri la akaunti ya mtandaoni likisahauliwa, matokeo ni yale yale. Wanaochapisha picha zao chache bora kwenye karatasi wana hakika zaidi ya kuziona tena.

Picha inapoudanganya wakati

Rangi humwambia mtazamaji mengi kuhusu miaka. Mwaka 2018, serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na ukanda wa buluu. Tangu hapo, mwenyeji akiona picha ya barabara za mji huo aweza kujua mara moja kama ilipigwa kabla au baada ya agizo hilo. Picha hiyo hiyo ikiondolewa rangi, buluu huwa kijivu na dalili hiyo huyeyuka. Gari la mkokoteni, mwanamume aliyevaa kanzu na ukuta uliobambuka hubaki peke yao, na mtazamaji wa mbali hudhani anatazama mwaka 1930.

Wapo wanaopenda matokeo hayo, na hapo ndipo penye tatizo. Aghalabu msafiri huondoa pikipiki, nyaya za umeme na bango la simu katika picha yake ya Lamu, akasubiri punda apite, kisha akatoa rangi. Atakachoonyesha huko aendako ni mji usio na saa, usio na shule wala siasa, ambao wakazi wake wanamsubiri mgeni aje kuwatazama. Wakazi hao wana bili za umeme za kulipa, wana watoto vyuoni na wana hoja juu ya bandari iliyojengwa jirani na mji wao. Picha imewanyima hayo yote.

Desturi hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1971, mpigapicha mzaliwa wa Kenya, Mirella Ricciardi, alichapisha kitabu cha picha za jamii mbalimbali za nchi hii ambacho jina lake la Kiingereza lina maana ya Afrika inayotoweka. Uzuri wa picha zake haujapingwa. Lakini zaidi ya nusu karne imepita, na jamii hizo hazijatoweka. Wajukuu wa waliopigwa picha wanauza mifugo na kupokea malipo kwa simu.

Mfano mwingine ni wa picha mashuhuri kuliko nyingi katika historia ya sanaa hii. Yapata mwaka 1930, Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alipiga picha ya wavulana watatu Waafrika wakiyakimbilia mawimbi. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, kijana aliyekuwa ametoka kuzuru Cote d'Ivoire, aliiona mapema katika miaka ya 1930, naye akavutwa kuishika kamera kwa dhati. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la wapigapicha la Magnum. Kwa miaka mingi picha hiyo imejulikana duniani kama ya wavulana wa Ziwa Tanganyika. Lakini imeelezwa pia kwamba ilipigwa katika ufuo wa Liberia, upande wa pili wa bara. Majina ya wavulana hao hayakuandikwa. Picha iliyobadilisha maisha ya msanii mkubwa ilizunguka dunia ikiwa imetenganishwa na mahali pake na wenyewe.

Kosa si la weusi na weupe wenyewe. Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki jijini Paris Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 81, alikuwa mtaalamu wa uchumi wa kahawa aliyeanza kupiga picha alipokuwa akisafiri kikazi barani Afrika katika miaka ya 1970. Aliizunguka dunia kwa miongo minne na zaidi, akapita katika ukame wa Sahel, mashamba ya chai ya Rwanda na kambi za wakimbizi. Hata alipohamia kamera za dijitali mwaka 2008, hakuziacha nyeusi na nyeupe. Baadhi ya wahakiki walimlaumu kwa kuyapamba mateso ya watu. Lakini vitabu vyake vikubwa, kikiwemo Genesis cha mwaka 2013, viliambatana na kijitabu cha maelezo, ili mtazamaji ajue ni wapi na ni kina nani.

Naye Mwingereza Nick Brandt, aliyejulikana kwa picha zisizo na rangi za ndovu na simba wa Amboseli na kwingineko Afrika Mashariki, alifanya jambo la kufikirisha katika kitabu chake cha mwaka 2016, Inherit the Dust. Alizichapisha picha zake za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha mahali ambapo wanyama hao waliwahi kupita na ambapo sasa pana jaa la taka, machimbo au barabara, kisha akapiga picha upya. Watu wanaendelea na shughuli zao kando ya ndovu wa karatasi. Hapo picha nyeusi na nyeupe haikuuficha wakati wa sasa, bali iliuweka mbele ya macho.

Jinsi ya kuanza

Anayetaka kujaribu hana haja ya kamera ghali. Simu nyingi zina namna ya kuonyesha kioo kikiwa hakina rangi hata kabla ya kupiga, na hilo ni bora kuliko kuondoa rangi baadaye, kwa kuwa jicho hufunzwa papo hapo. Siku nzima ya matembezi ikipigwa hivyo, pasipo kurudi kwenye rangi, hutosha kumwonyesha mtu anachokosa na anachopata.

Anayetamani filamu aweza kuanza na kamera kuukuu ya mzee nyumbani, mradi haijaingia kutu wala kuvu. Mkanda wa kawaida huwa na picha 36, na uchache huo humfanya mtu afikiri kabla ya kubonyeza. Hata dawa ya kusafishia si lazima iagizwe ng'ambo. Mwaka 1995, darasa moja la kemia katika Chuo cha Teknolojia cha Rochester, Marekani, lilionyesha kuwa filamu yaweza kusafishwa kwa kahawa inayoyeyuka majini ikichanganywa na magadi ya kufulia, na baadaye wengine wakaongeza vitamini C ili kuipa nguvu. Magadi hayo ni kemikali ile ile iliyotengenezwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, kwa zaidi ya karne moja. Dawa ya kukazia nayo yafaa itunzwe mbali na watoto.

La muhimu zaidi ni adabu. Macho hayana pazia, lakini kamera yapaswa kuwa nalo. Mwenyeji aombwe ruhusa kabla ya kupigwa, na akikataa aachwe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu nchini Kenya ni habari yake binafsi, na mwaka 2023 shule moja na kilabu kimoja vilitozwa faini kwa kuchapisha picha za watu bila idhini yao.

Mwisho, kila picha inayochapishwa iandikwe nyuma kwa penseli laini: mwaka, mahali, na jina la aliyepigwa ikiwa ameridhia. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na ni hiyo inayoitofautisha picha ya Lamu ya mwaka huu na kadi ya posta ya miaka mia moja iliyopita. Fedha iliyomo kwenye karatasi yaweza kuwafikia wajukuu. Bila maandishi hayo, watakachorithi ni uso wa mtu wasiyeweza kumtaja, katika mji wasioujua, mwaka ambao hakuna wa kuwaambia.